Gurudumu la Kushoto: Safari ya Kumrudisha Mama Mkwe Migwani

Nyinyi marafiki zangu wa Kiboko hamna adabu. Nimerudi na pikapu yangu, nyuma nimebeba magurudumu mawili, ndani nimebeba kuku mmoja, na kabla sijazima injini mlikuwa mmeshanizunguka. Karavani iko wapi? Umeiuza? Imetumbukia mtoni? Na mama mkwe je, amefika au umemwacha njiani? Nimeeleza mara moja kantini, nikaeleza tena kwenye bomba la maji, na kila nikieleza kuna anayeongeza la kwake. Sasa naandika. Anayetaka asome, na asiyetaka aendelee kusema kwamba niliibadilisha karavani kwa kuku.

Karavani mliijua wote, ile nyumba ya bati jeupe yenye magurudumu mawili ambayo mtafiti mmoja wa nyasi alituachia alipomaliza kazi na kurudi kwao. Mlinicheka nilipoichukua. Lakini mama mkwe alipoanguka akavunjika paja, na mke wangu Mwende ndiye binti yake wa pekee, ile nyumba ilipata kazi. Hospitali ilipomruhusu ilibidi aje kwetu auguzwe, na mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake.

Kwa wale ambao si Wakamba, hii ndiyo tunaita nthoni. Si chuki wala ugomvi. Ni heshima. Mama mkwe wako hamtazamani usoni, hamli pamoja, hamsemeshani ana kwa ana, na mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani kama anayetafuta mbuzi aliyepotea. Wako wanaoilegeza kwa kumpelekea mama mkwe blanketi na mbuzi, lakini mimi ni mtu wa kuahirisha. Basi tangu nioe, nilimjua mama mkwe kwa sauti, kwa fimbo na kwa leso yake ya rangi ya machungwa. Jina la mama mkwe halitajwi pia, kwa hiyo hamtalisoma hapa. Nilimwegeshea karavani nyuma ya ua wa minyaa, akakaa humo miezi yote ya kiangazi, na salamu zetu zilipita kwa Mwende.

Kabla ya kutoka

Tatizo lilianza na mawingu. Yalipoanza kukusanyika upande wa milima ya Chyulu, mama mkwe akawa anamwuliza Mwende kila asubuhi mvua imefika wapi. Shamba lake liko Migwani. Marehemu mume wake ana mdogo wake, Mbuvi, mtu mpole anayependa kusaidia, na Mbuvi alikuwa ametuma neno kwamba mama asiwe na wasiwasi: mvua ikinyesha kabla hajarudi, yeye atalilima na kulipanda lile shamba.

“Msaada wa Mbuvi naujua,” mama mkwe alimwambia Mwende, mimi nikiwa upande wa pili wa ukuta nikijifanya natafuta koleo. “Akipanda atavuna. Akivuna ataweka kwa ghala yake. Halafu mimi nitaenda kwake kuomba kunde za shamba langu. Mwambie Baba Ndanu nifike kabla ya mvua, hata akinibeba na toroli.”

Baba Ndanu ni mimi. Ndanu ni binti yetu, tuliyemwacha kwa jirani. Basi la abiria halikuwezekana kwa sababu ule mguu ulikuwa haukunjiki. Nikasema, kama nyumba ina magurudumu, kwa nini tunatafuta gari jingine?

Mnajua mimi ni mtu wa matrekta, na kwa grisi sina mchezo. Trela iliyosimama mwaka mzima haivutwi hivi hivi, beringi zake zinakuwa zimekauka. Gurudumu la kulia nililifanya siku Mwende alipompeleka mama yake zahanati. Nikapiga jeki, nikatoa kifuniko, nikachomoa pini, nikafungua nati, nikavuta habu yote, kile kitovu cha gurudumu. Beringi nikaziosha kwa mafuta ya taa mpaka zikang'aa, nikazikagua kama zina vidonda. Grisi yenyewe unaiweka tonge kwenye kiganja, unaikandamiza beringi humo mpaka grisi itokeze upande wa pili. Wavivu huipaka juu juu kama siagi kwenye mkate. Mwisho unakaza nati huku unalizungusha gurudumu kwa mkono, ukihisi linakataa unalegeza kidogo, lizunguke huru bila kuchezacheza. Hapo ndipo unatia pini.

La kushoto nililifanya kesho yake. La kushoto ndilo liko kando ya mlango, na mama mkwe alikuwa amelala ndani. Kulizungusha kunatikisa nyumba nzima, na mtu mwenye akili hatikisi nyumba ambamo mama mkwe wake amelala. Nikafanya upesi, uso nimeugeuzia minyaa, nikakaza kwa kukisia, nikatia pini, nikaondoka zangu.

Mwende akatunga njia ya mawasiliano. Kamba ilitoka kwenye dirisha la karavani, ikapita juu ya pikapu, ikaingia kwangu mbele, na mwisho wake tukafunga kengele ya mbuzi. Mama akivuta, tunasimama. Mama alipakiza vibuyu vyake vya mbegu vilivyochanganywa na majivu, taa ya chemni, chupa ya mafuta ya taa, na kuku wake mwekundu ambaye yeye alikataa katakata kumwacha.

Kiboko hadi Emali

Tuliondoka kukipambazuka. Barabara kuu ilikuwa na malori ya Mombasa yanayotupita kwa kelele, na mimi nikienda mwendo wa harusi. Hatujafika mbali, kengele ikalia.

Nikasimama pembeni. Utaratibu wetu ulikuwa huu: Mwende anaenda nyuma kumsaidia mama yake kushuka, nami naenda mbele, nafungua boneti na kutazama injini mpaka Mwende akohoe. Kabla ya kwenda mbele, naligusa gurudumu la kulia la karavani. Ukiweka kiganja kwenye habu na kiganja kikavumilia, beringi ni nzima. Lilikuwa baridi kabisa. La kushoto nisingeweza kuligusa, kwa sababu mama mkwe alikuwa ameshakaa kwenye ngazi ya mlango na mguu wake ameunyoosha mbele ya gurudumu lenyewe. Nikajiambia hayo ni mapacha, la kulia likiwa baridi na la kushoto ni baridi.

“Mama anataka tu hewa,” Mwende akasema.

Emali kengele ikalia tena. Mama alitaka chai. Tukasimama kando ya soko la mifugo, chai ikaletwa, ikanywewa polepole, kikombe kikarudishwa kuongezwa. Mimi nilikuwa nimezijua plagi zote za ile injini kwa majina.

“Mama Ndanu,” nikamwambia Mwende tulipoondoka, “si ni yeye anakimbiza mvua? Sasa hii chai ni ya nini?”

“Amesema tupumzike kidogo.”

“Tumechoka na nini? Hata Sultan Hamud hatujaona!”

Mwende akatazama nje. Yeye akikasirika hutazama nje.

Salama

Salama, kama mnavyoijua, ni mahali ambapo gari likipunguza mwendo tu, dirisha linajaa machungwa na mahindi ya kuchoma. Kengele ililia kabla hata hatujafika kwenye vibanda. Safari hii mama alitaka machungwa, na alitaka kuyachagua mwenyewe, moja moja.

Nikafungua boneti. Kando yetu palikuwa pameegeshwa lori tupu lililonuka mbuzi. Dereva wake, mtu mrefu wa kaskazini, alikuwa ameshusha mifugo Emali na sasa anarudi kwao kupitia Machakos, Kitui na Mwingi. Nilikuja kujua anaitwa Abdi. Alinitazama kwa muda, akamtazama mama mzee anayeshuka kwa shida akishikwa na binti yake, akanirudia.

“Wewe baba,” akasema, “ile si mama yenu?”

“Ni mama yetu,” nikasema, kichwa kiko ndani ya boneti.

“Sasa mama mgonjwa anashuka, wewe unapea yeye mgongo? Alikukosea nini?”

“Hajanikosea.”

“Basi wewe ndio ulikosea yeye. Haya kuja. Dunia ni ndogo, na mama ni mama.”

Kabla sijaeleza, amenikamata mkono. Yule mtu amezoea kuvuta ngamia. Alinivuta mpaka upande wa mlango, akitangaza kwa sauti kwamba leo ugomvi umekwisha, mtoto ameleta kichwa chake kwa mama. Mama mkwe alipiga ukelele mmoja, akajifunika leso kichwa kizima, machungwa yakatawanyika barabarani. Mimi nilijifunika kofia usoni, nikajikwaa kwenye chano cha mayai, nikakimbilia nyuma ya choo. Wauza mahindi walicheka mpaka wakaketi chini, maana wao ni Wakamba na walielewa kila kitu.

Mwende ndiye aliyemweleza. Abdi akashika kichwa kwa mikono miwili. Alikuja nyuma ya choo kuniomba radhi, na nilipotoka akaniomba radhi tena, akalipia mayai, akaokota machungwa yote na kuyapanga kwenye ngazi ya karavani huku amefumba macho. Sijawahi kuona mtu mwenye aibu namna ile. La gurudumu hakuna aliyelikumbuka.

Machakos hadi Wamunyu

Machakos tulikula muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, nikala ya kwangu nimekaa juu ya tairi la akiba nikitazama milima. Hewa ilikuwa imeanza kunuka mvua ya mbali. Nikaligusa la kulia. Baridi. Nikajipongeza kwa grisi.

Wamunyu kengele ikalia. Hapo ndipo kwa wachonga vinyago, na mama mkwe akataka mwiko. Akaletewa mwiko, akasema una ufa. Akaletewa mwingine, akasema ni mwepesi. Akamwuliza mchongaji habari za baba yake, na za mti aliochongea, na kama watoto wanasoma. Mchongaji, kijana mwenye nywele zilizojaa vumbi la mbao, aliponiona nimejikunja mbele ya boneti alielewa mara moja. Akasogeza kiti chake akakaa baina yetu, akimhudumia mama huku akinikinga mimi kwa mgongo, bila kuambiwa na mtu.

Lakini hasira yangu ilikuwa imefika kooni. Mawingu upande wa Kitui yalikuwa meusi. Nilimvuta Mwende pembeni nikasema yale ambayo sipendi kuyarudia: kwamba mama yake anacheza, kwamba Mbuvi ameshafunga ng'ombe kwenye plau, kwamba mimi nimeomba ruhusa kazini kwa ajili ya shamba na si kwa ajili ya mwiko.

“Baba Ndanu,” akasema, “mama yangu hajawahi kusimamisha mtu bure.”

“Basi amwambie mtu sababu.”

“Akwambie wewe? Na nthoni?”

Sikuelewa alichosema. Nilidhani ananitania.

Kwa Vonza

Tulivuka daraja la mto Athi na kuanza kupanda. Kabla ya Kwa Vonza kengele ililia, na haikunyamaza. Ililia kama mbuzi wote wa Ukambani wamekimbia mara moja. Nikatazama kwenye kioo nikaona moshi.

Nilisahau boneti, nilisahau kila kitu, nikakimbilia upande wa kushoto. Habu ilikuwa imegeuka rangi ya samawati, kifuniko kinatokwa na grisi iliyoungua, na harufu yake mtu hawezi kuisahau. Mama mkwe alikuwa mlangoni. Nikageuka haraka, naye akarudi ndani haraka. Mwende akatundika ile leso ya rangi ya machungwa mlangoni iwe pazia. Kumshusha hakukuwezekana, pembeni ni miiba mitupu na jua lilikuwa kali kabla ya mvua. Kazi ikabidi ifanyike yeye akiwa juu na mimi chini.

Nilifungua. Beringi ya nje ilitoka na roli zake zimechubuka, baadhi zimeyeyukiana. Nikaifunga kwenye gazeti iwe sampuli, na hapo hapo tukasikia honi. Lilikuwa lori la Abdi. Alishuka, akatazama kwanza chini, kisha juu, akahakikisha pazia lipo, ndipo akaja.

“Kitui niko na rafiki ya duka la vipuri,” akasema. “Mama mdogo apande, mimi nampeleka, mimi namrudisha. Ile aibu ya Salama iishe leo.”

Mwende akapanda na gazeti lake. Lori likaondoka. Ndipo nilipogundua kilichotokea: nimebaki mimi na mama mkwe, peke yetu, kando ya barabara, na hakuna mtu wa kupitishia neno.

Nikafanya kazi kimya. Ganda la ndani la beringi lilikuwa limeng'ang'ania kwenye ekseli, nikaligonga kwa nyundo na patasi, likakataa. Nikagonga tena. Kuku mwekundu akatoa kichwa chini ya pazia, akanitazama kwa jicho moja.

“Kuku,” sauti ikasema nyuma ya leso, kwa Kikamba, polepole, “hivi yule anayegonga huko chini amekula?”

Nikaiweka nyundo chini. Nikamtazama kuku.

“Kuku,” nikasema, “mwambie aliye juu kwamba aliye chini hana njaa.”

“Kuku, mtu hagongi chuma hivyo bila njaa.” Chungwa likateremka kwenye ngazi, likabingirika mpaka gotini kwangu. Likafuata la pili.

Nikala. Lilikuwa tamu sana, na nikakiri kwa kuku kwamba lilichaguliwa vizuri. Nikamwambia pia kuku kwamba kile chuma kimekataa kwa sababu ya kutu na grisi iliyoungua, na kwamba ningekuwa na mafuta ya taa kidogo kingelegea. Ndani nikasikia vitu vinasogezwa, fimbo inagonga sakafu, pumzi ya mtu anayeinama kwa maumivu. Kisha chini ya leso ukatoka mkono umeshika chupa.

Nilikuwa sijawahi kuuona mkono wa mama mkwe. Ulikuwa mwembamba, kucha fupi, na kidole gumba kimepinda kidogo kwa nje. Ni kidole gumba cha Ndanu wangu, kile kile, na mimi nilikuwa nikijiuliza miaka yote mtoto amekitoa wapi. Nikaipokea chupa kwa mikono miwili.

Nilimimina, nikangoja. Nikauliza lililokuwa linaniwasha. “Kuku, aliye juu alijua lini kwamba gurudumu linaumwa?”

Fimbo ikagonga sakafu mara moja.

“Lilianza kulia kabla ya Emali,” sauti ikasema. “Liko chini ya kitanda changu. Kwanza lilikuwa linalia pole pole, halafu sakafu ikawa ya moto. Chai ya Emali sikuitaka. Mwiko ninao nyumbani. Nilitaka lipoe, kuku. Kila likipoa, linakwenda tena.”

“Na kwa nini hakusema?”

“Huyo kijana alilipaka grisi kwa mikono yake, kwa ajili ya mguu wangu. Sasa mimi nimtumie binti yangu aende kumwambia kazi yake ni mbaya? Mkwe wangu? Hapana. Afadhali chai.”

Marafiki zangu, niliona haya, na nitalisema wazi kwa sababu wengine wenu mmeshalisikia kwa Abdi: macho yalinilowa. Nilikumbuka maneno ya Wamunyu nikatamani ardhi inimeze. Yule mama alikuwa amekaa juu ya moto tangu asubuhi, shamba lake likiwa hatarini, akinunua vitu asivyovitaka ili mimi nisiaibike mbele ya mke wangu.

“Kuku,” nikasema nilipoweza, “mwambie gurudumu hili lilikazwa kupita kiasi. Kulikadiria kunataka kulizungusha, na kulizungusha kunatikisa nyumba, na aliye juu alikuwa amelala. Nilikaza kwa kukisia. Sikutaka kumtikisa.”

Kisha nikasikia kicheko. Kilianza kidogo, kikaongezeka mpaka karavani ikacheka nayo, mimi pia nikacheka, na kuku akatoroka mlangoni kwa hofu.

“Kuku,” akasema akishika pumzi, “mwambie karibu tuiunguze hii nyumba kwa heshima.”

Ganda likatoka kwa pigo la tatu. Kuku nilimkamata kwenye miiba baada ya taabu kubwa, kwa sababu bila yeye tungeongea vipi?

Kitui

Lori lilirudi jua likielekea kushuka. Mwende alikuwa na beringi mpya na sili yake ya kuzuia grisi kwenye karatasi safi. Yule rafiki wa Abdi, mwenye duka, ni mzee Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani. Mwende anasema aliipokea ile beringi iliyoungua kwa vidole viwili, akaigeuza mbele ya dirisha na kusema, “Masikini, hii imenyongwa, haikufa kwa njaa.” Akapanda ngazi mwenyewe kwenye rafu za juu, akapima moja, akapima nyingine, mpaka akapata ya aina ya pikapu inayoingia sawasawa.

Nikapaka grisi, nikarudisha habu, nikafika kwenye nati. Nikasita. Mwende alikuwa kando yangu, angeweza kupitisha neno, lakini sauti ya ndani haikumngoja.

“Kuku, mwambie atikise.”

“Mguu utauma,” nikamjibu kuku.

“Tayari nimeshika kitanda. Tikisa!”

Mwende alitutazama, pazia na mimi, kama watu waliopigwa na jua. Nikalizungusha lile gurudumu kwa nguvu zangu zote. Vikombe viligongana ndani, mwiko ukaanguka. Nikakaza mpaka likakataa, nikalegeza kidogo, nikalizungusha tena likateleza bila sauti. Nikatia pini.

Tulilala Kitui, uani kwa yule mwenye duka, kwa sababu alikataa kusikia jingine. “Mgonjwa hapitishwi mlangoni kwangu bila kula,” alisema, na mke wake akampelekea mama wali wa nazi na samaki mkavu, na asubuhi mahamri ya moto. Mama mkwe hakuwahi kula samaki. Alimwuliza Mwende kama ni adabu kumrudisha, akaambiwa si adabu, basi akamla mzima na kuku akapata mifupa. Abdi alituaga hapo, akaelekea kwao, na nimemwambia akipita Kiboko asiniulize habari za mama yangu.

Migwani

Tulipofika mji wa Kabati tulipata matone ya kwanza. Makubwa, ya mbali mbali, yanayofanya vumbi linuke. Safari hii nilikuwa nasimama mwenyewe, bila kengele. Mama mkwe anabaki ndani, pazia linafungwa, nami nashika la kulia, nashika la kushoto. Yote baridi. Hatukupoteza muda kwa chai.

Tulipofika kwenye kona ya shamba lake, Mbuvi alikuwa pale. Ng'ombe wawili wamefungwa nira, plau iko ukingoni mwa mtaro, na mbegu zake kwenye gunia. Alikuwa anatazama mbingu. Alipoiona nyumba nyeupe inamjia nyuma ya pikapu, alivua kofia.

“Nilisema nisaidie,” akasema. “Mvua haingoji mtu.”

Nyumba ya mama iko juu ya kilima kidogo, na njia yake ni ya miguu. Kumfikisha huko na mguu ule kungechukua muda ambao hatukuwa nao. Kengele ikalia mara moja. Mwende akaenda, akarudi akinitazama kwa macho makubwa.

“Mama anasema usipande kilimani. Ingiza shambani.”

“Shambani wapi?”

“Katikati.”

Nikaingiza. Pikapu ilinguruma juu ya mabua ya mwaka jana, karavani ikayumba nyuma kama bibi arusi mwenye viatu vipya, na katikati kabisa ya lile shamba nikasimama. Pazia likasogezwa. Mimi nikakimbilia boneti, bila shaka, lakini kioo cha pembeni kipo na mimi ni binadamu. Nilimwona mama mkwe amekaa kwenye ngazi ya mlango wake, mguu ameunyoosha, kibuyu kwenye mapaja. Akachota mbegu za kunde, akazirusha mbele yake kwenye udongo uliokuwa unalowa.

“Mbuvi,” akaita, “si ulisema unasaidia? Haya, saidia. Anzia hapa mlangoni, uzunguke.”

Mbuvi akacheka, maana si mtu mbaya, akapiga mluzi kwa ng'ombe wake. Akalima kuizunguka nyumba, na Mwende nyuma yake akidondosha mbegu za mama, na mama kwenye ngazi akisema huo mstari umepinda, huu sawa, hapo weka mbaazi. Mvua ilianza kwa kweli walipofika nusu. Hakuna aliyekimbia.

Kwa hiyo karavani iko huko, wapenzi wangu wenye maswali. Mama amesema atakaa humo mpaka avune, akiwa katikati ya mali yake, na baada ya hapo itakuwa ghala. Nilipiga jeki, nikaiweka juu ya mawe mazuri, nikatoa magurudumu yote mawili pamoja na habu zake nikaja nayo, ili asije mtu mwenye msaada akaivuta pembeni. Kengele ya mbuzi imetundikwa mlangoni. Mwende amebaki mpaka palizi.

Asubuhi ya kuondoka, Mwende aliniletea kuku. Mama amesema ni wako, aliniambia. Nikauliza, sasa mimi na yeye tutaongea vipi? Mwende akasema hajui, ameambiwa alete kuku tu. Nikamweka kwenye kiti, nikawasha injini, nikaanza kuondoka polepole pembeni mwa mistari mipya.

“Baba Ndanu!”

Haikuwa sauti ya Mwende. Nikasimama. Sikugeuka, lakini kuku wa kupitishia maneno alikuwa nami, na pale mlangoni hapakuwa na mtu mwingine. Mama mkwe alikuwa ananiita mimi mwenyewe, mchana, majirani wakisikia. Blanketi na mbuzi nitapeleka mwezi ujao, msiniulize tena.

“Baba Ndanu,” akasema, “gusa na la kushoto.”

Nikashuka, nikalizunguka gari, nikaliwekea kiganja gurudumu la kushoto la pikapu. Tulikuwa hatujaenda hata hatua kumi, lilikuwa baridi kama maji ya mtungi.

“Ni zima, mama,” nikasema.